Ikwalaiza, kompresa ya kawaida au maltibendi: uwashe ipi kwenye kinanda chako?

Kwenye makanisa mengi ya Moshi na Arusha hali hii inajulikana. Ibada imechangamka, kwaya imesimama, mkono wa kushoto wa mpiga kinanda unashuka kwenye besi na ukumbi mzima unaguruma. Kodi za mkono wa kulia, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zinamezwa. Fundi mitambo anashusha kinanda kwenye miksa, baada ya ubeti mmoja mwalimu wa kwaya anageuka, "Mbona kinanda hakisikiki?" Fundi anapandisha, mngurumo unarudi, na mvutano huo unaendelea mpaka sadaka.

Mara nyingi kinachohitajika kimo ndani ya kinanda chenyewe, kwenye kurasa za efekti ambazo wengi hawazifungui. Yamaha Motif ES, XS na XF zina kompresa ya maltibendi, yaani inayogawa sauti katika bendi (sehemu za masafa: chini, kati, juu) na kubana kila moja kivyake, kwenye efekti kuu, ile inayoshika sauti yote kabla haijatoka kwenye jeki. Roland Fantom-X ina kompresa ya bendi tatu kwenye hatua yake ya mwisho ya kusafisha sauti. Korg Triton ina limita ya maltibendi, ndugu ya kompresa inayozuia sauti isivuke kikomo. Wanaotengeneza muziki kwenye laptopu wana Vital, sinthesaiza ya programu iliyotoka mwaka 2020 na yenye toleo la bure, ambayo kompresa yake unaweza kuiweka ifanye kazi kwa bendi moja au kadhaa. Shida ni kwamba vinanda vingi vina pia kompresa ya kawaida (inayobana sauti nzima ikizidi) na ikwalaiza (ya kupandisha au kushusha besi na mng'ao), na kwa mtu anayeharakisha kabla ya ibada zote tatu zinaonekana kufanya kazi ileile ya kutuliza besi. Hazifanyi kazi ileile hata kidogo.

Mambo ya kupima kwanza

La kwanza: je, kero yako ni ya muda wote, au inakuja na kuondoka? Besi iliyo nzito kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho ni kero tofauti kabisa na besi inayolipuka pale tu unapokandamiza noti fulani kwa nguvu. Kwangu hiki ndicho kigezo kizito kuliko vyote, na ndicho watu wanachokiruka.

La pili ni kile kitakachoguswa pamoja na kero. Ukishusha besi, je, piano inabaki ilivyo? Vipi mwangwi uliouweka? La tatu ni kazi ya kuiseti: una vitufe vingapi vya kugusa, na ukikosea mbele ya watu madhara yake ni yapi. La nne ni mahali sauti inapokwenda, maana ukumbi wa bati na saruji hautaki kile kinachotakiwa na faili la kurekodi.

Ili ulinganisho uwe wa haki, zote tatu nitazipima kwa mfano mmoja. Kinanda kimegawanywa: kushoto kuna sauti ya besi, kulia kuna piano. Noti ya chini ya besi ni E yenye masafa ya karibu 41 Hz, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. C ya kati kwenye piano ina 261.6 Hz. Besi inapopigwa kwa nguvu inafika -8 dB, piano inatembea kwenye -24 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti; -24 ni ndogo kuliko -8).

Ikwalaiza

Inavyofanya kazi: inapandisha au kushusha sehemu fulani ya masafa kwa kiasi kisichobadilika. Ukishusha 80 Hz kwa 4 dB, zimeshuka 4 dB uwe unapiga kwa nguvu au kwa upole, hadi utakapozirudisha.

Utulivu huo ndio unaoifanya ifae kwa kero ya muda wote, na kero nyingi za besi kanisani ni za muda wote. Chanzo kimojawapo kinaeleweka vizuri. Mwaka 1933 Fletcher na Munson walionyesha kwamba sikio la binadamu halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba sauti ikiwa ndogo besi ndiyo inayopotea zaidi. Sasa fikiria mtu anayeandaa sauti zake usiku nyumbani kwake Rau, headfoni zikiwa chini ili watoto wasiamke. Besi anaisikia nyembamba, anaiongeza. Jumapili sauti ileile inatoka kwenye spika kubwa kwa kiwango cha juu, na besi aliyoiongeza inasikika yote. Hapo hakuna kilicholipuka. Kuna besi iliyozidi tu, na ikwalaiza inaiondoa kwa kitufe kimoja.

Inachogusa: kila kilicho kwenye masafa hayo, saa zote. Ukishusha besi kwa sababu ya noti chache kali, umezishusha pia noti laini ambazo hazikuwa na kosa, na wimbo wa taratibu unabaki bila msingi.

Kuiseti ni rahisi, na ukikosea kosa linasikika mara moja na linarekebishika mara moja. Anayeanza, na yeyote anayepiga kinanda asichokizoea, aanzie hapa. Inafaa pia pale ukumbi wenyewe unapovumisha noti fulani kila zinapopigwa.

Kompresa ya kawaida

Inavyofanya kazi: inapima nguvu ya sauti nzima. Sauti ikivuka kizingiti ulichoweka, inaishusha kwa uwiano uliochagua. Tuuchukue mfano wetu. Kizingiti ni -20 dB, uwiano ni 4 kwa 1. Besi iliyofika -8 dB imevuka kwa 12 dB. Kwa uwiano huo, katika zile 12 zinaruhusiwa kubaki 3, kwa hiyo kompresa inakata 9 dB.

Inachogusa: zile 9 dB zinakatwa kwenye sauti yote. Kompresa ya kawaida haijui kama kilichovuka ni besi au piano. Imeona kiwango kimepanda, imeshusha kila kitu. Piano iliyokuwa kwenye -24 dB, ambayo haikufika hata karibu na kizingiti, inashushwa hadi -33 dB kila besi inapopiga, kisha inapanda tena besi ikiachia. Kodi iliyoshikiliwa na mkono wa kulia inaanza kupumua, inazama na kuibuka kwa mapigo ya mkono wa kushoto. Kwenye miziki ya dansi watu wanakutafuta kupumua huko makusudi. Kwenye tenzi kunachosha masikio.

Usiitupe lakini. Ukiwa na chombo kimoja, piano peke yake au ogani peke yake, kushusha sauti yote kwa pamoja ndicho hasa unachotaka, kwa sababu rangi ya sauti haibadiliki. Noti inabaki na uwiano uleule kati ya uzito wake wa chini na mng'ao wake wa juu. Imekuwa ndogo tu. Mpiga kinanda mwenye mkono usio sawa, mara mzito mara mwepesi, anasaidiwa nayo sana. Na kwenye vinanda vingi unaweza kuiweka kwenye sauti moja tu ndani ya mgawanyo, yaani besi iwe na kompresa yake na piano isiguswe. Jambo hili linasahaulika kirahisi: kama kero yako ni sauti ya besi peke yake, kompresa ya kawaida iliyowekwa kwenye besi peke yake inaitatua bila kuhitaji maltibendi.

Kuiseti ni kazi ya kati: kizingiti, uwiano, ataki (kasi ya kuanza kubana), rilizi (kasi ya kuachia) na geini ya kurudishia kiwango kilichopotea. Vitufe vitano, na sikio linajifunza kuvisikia kila kimoja.

Maltibendi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo yenye uwezo mkubwa na ndiyo inayowashwa kwa haraka bila kueleweka.

Inavyofanya kazi: sauti inagawanywa kwanza na vichujio viitwavyo krosova. Kwenye kinanda cha bendi tatu panakuwa na chini, kati na juu. Kila bendi ina kompresa yake, yenye kizingiti chake na uwiano wake. Baada ya hapo bendi zinajumlishwa tena na kutoka kwenye jeki kama sauti moja. Turudi kwenye mfano. Besi inafika -8 dB ndani ya bendi ya chini, inakatwa zile 9 dB humohumo. Piano iko kwenye bendi ya kati kwa -24 dB, haijavuka kizingiti, haiguswi. Mngurumo umetulia na kodi zimesimama pale zilipokuwa. Kwa yule mpiga kinanda wa kwenye ibada, kama besi yake inalipuka mara mojamoja na kinanda chake kina efekti moja tu ya kushika sauti yote, nafuu ni kubwa.

Inachogusa: hapa ndipo panapohitaji kutulia. Noti haiishi ndani ya bendi moja. Ile E ya 41 Hz ina mawimbi mengine juu yake kwenye 82, 123, 164, 206 Hz na kuendelea, na sikio linazitambua zote kwa pamoja kama noti moja. Krosova ikiwa 150 Hz, sehemu ya chini ya noti inashushwa na sehemu yake ya juu inaachwa. Besi haiwi ndogo tu, inabadilika sura, inakuwa nyembamba na yenye ukali kidogo kila inapopigwa kwa nguvu. Kiasi kidogo hakisikiki. Ukikata 9 dB mfululizo kinasikika, na ndiyo maana kwenye bendi ya chini ningependa kuona mita ikishuka 3 au 4 dB kwenye noti kali, isizidi sana hapo.

Mahali pa krosova pana uzito kuliko kizingiti. Chukua krosova iliyowekwa 250 Hz. C ya kati ni 261.6 Hz, na B iliyo chini yake ni 246.9 Hz. Mstari umepita katikati ya hizo mbili, mahali ambapo mkono wa kulia unapita kila wakati. Piga solo ya piano ikishuka polepole kutoka G hadi chini ya C ya kati, huku besi ikiendelea, na usikilize: noti zinapovuka zinaanza kuingia kwenye bendi inayobanwa na besi, zinadhoofika na kubadilika rangi. Mchujo una mteremko, kwa hiyo mabadiliko yanakuja taratibu. Muundo unaotumika sana, uliobuniwa na Siegfried Linkwitz na Russ Riley na kuchapishwa mwaka 1976, kwa kawaida unateremka 24 dB kwa kila oktavu (kila masafa yanapozidi au kupungua mara mbili), na pale bendi mbili zinapokutana kila moja iko chini kwa 6 dB. Lakini hata kwa taratibu, solo inapoteza usawa. Shusha krosova hiyo hadi 120 au 150 Hz, na eneo ambalo mkono wa kulia unaimba linabaki nje ya mgogoro.

Kisha kuna kasi. Wimbi la 50 Hz linachukua milisekunde 20 kukamilika mara moja. Ukiweka rilizi ya milisekunde 10 kwenye bendi ya chini, kompresa inaanza kulifuata wimbi lenyewe, inabana na kuachia ndani ya mzunguko mmoja, na besi inaanza kukwaruza kana kwamba spika imechanika. Anza na ataki ya milisekunde 20 hadi 30 na rilizi ya 150 hadi 250 kwenye bendi ya chini. Bendi ya juu inaweza kwenda haraka zaidi, ataki 3 hadi 5, rilizi chini ya 100. Uhuru huu wa kila bendi kuwa na kasi yake ni faida ya kweli ya maltibendi, kwa sababu kompresa ya kawaida inakulazimisha uchague kasi moja ya kuridhisha besi na matoazi kwa pamoja.

Jambo jingine linalowaumiza watu wa kumbi za bati ni geini ya kurudishia. Efekti kuu imekaa mwisho wa mnyororo, kwa hiyo mwangwi wa kinanda nao unapita humo. Ukibana kilele na kurudisha kiwango juu, mkia wa mwangwi unapanda pamoja na kila kilicho kidogo. Ukumbi wenye kuta za saruji na bati juu una mwangwi wake tayari. Ukichanganya yote mawili, maneno ya kwaya hayasikiki. Vivyo hivyo na mlio wa umeme. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na laini isiyo na athi nzuri (waya wa ardhini) inaleta mlio wa 50 na 100 Hz. Kama unaingia kwenye mnyororo kabla ya efekti, kwa mfano kwa maiki au chombo kingine kilichochomekwa kwenye kinanda, bendi ya chini inauinua kila unaponyanyua mikono. Kwenye Vital kuna kizingiti cha pili kinachopandisha sauti zilizo ndogo, na hapo hali hii inaongezeka maradufu.

Kuiseti: bendi tatu mara vitufe vitano, pamoja na krosova mbili. Kinanda kinaweza kuficha baadhi, lakini bado ni kazi ya kukaa nayo siku isiyo ya ibada. Priseti za kiwandani, yaani seti zilizoandaliwa tayari, mara nyingi zimelenga kuifanya sauti iwe kubwa na ya kuvutia ukijaribu kinanda peke yake. Ndani ya bendi kamili ya wanamuziki zinajaza nafasi ya gitaa na sauti za waimbaji.

Inamfaa nani: anayepiga sauti nyingi kwa mara moja, yaani besi, ngoma za kinanda na nyuzi, huku zote zikitoka kwenye jeki moja. Inamfaa pia prodyuza anayetengeneza biti zenye besi ndefu ya mtindo wa mashine ya ngoma Roland TR-808 na pedi nzito (sauti ndefu za kujaza nyuma) juu yake. Haimfai sana anayepiga piano tupu, kwa sababu piano moja ikigawanywa vipande vitatu vinavyobanwa kila kimoja kivyake inapoteza utu wake haraka.

Namna ya kuzijaribu bila kudanganyika

Sauti iliyo kubwa kidogo sikio linaiona nzuri zaidi, hata kama haijaboreshwa kitu. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha, hakikisha kiwango ni kilekile efekti ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Fanya hivyo kwa sauti ya ukubwa utakaopiga, na umwombe mtu apige wewe ukasimame nyuma ukumbini. Kumbuka pia kwamba kwenye vinanda vingi kitelezi cha sauti kuu kiko baada ya efekti, hivyo kukishusha hakubadilishi mbano. Ukishusha sauti ya besi kwenye mgawanyo, kiwango kinachofika kwenye kizingiti kinapungua na mbano unapungua nacho. Wakati mwingine hicho ndicho pekee kilichohitajika.

Kulingana na hali yako

Unapiga kanisani, besi ni nzito tangu mwanzo hadi mwisho: tumia ikwalaiza, shusha 3 hadi 5 dB kwenye eneo la 80 hadi 120 Hz, kompresa ziache zimezimwa. Besi inalipuka kwenye noti kali tu, na kinanda kinakuruhusu kuweka efekti kwenye besi peke yake: kompresa ya kawaida hapo. Hakiruhusu, au mitindo ya kinanda inaleta ngoma na besi zake zenyewe: maltibendi, krosova ya chini isizidi 150 Hz, bendi ya kati na ya juu uwiano mdogo kama 1.5 kwa 1 au usiziguse.

Unapiga na bendi kamili kwenye hoteli za Arusha, kuna mpiga gitaa la besi. Mkono wako wa kushoto na yeye mnagombea masafa yaleyale, na hapo kompresa haimsaidii yeyote kati yenu. Kata chini ya 100 Hz kwa ikwalaiza na umwachie nafasi. Kompresa ya kawaida iliyo laini, 2 kwa 1, inatosha kushikilia piano isizame nyuma ya waimbaji.

Unapiga pamoja na kwaya ya matarumbeta, kama ilivyo kwenye sharika nyingi za Kilimanjaro: matarumbeta yanajaza eneo la kati kwa nguvu. Mpe mkono wa kulia nafasi kwa kupunguza kidogo eneo la 300 hadi 500 Hz, na usiongeze mbano, kwa sababu kinanda kilichobanwa hakina tena vilele vya kujitokeza juu ya shaba.

Uko studio ya nyumbani, Sakina au Pasua, na kazi itakwenda kwa mtu mwingine kumalizia: rekodi kinanda bila maltibendi. Kilichobanwa ndani ya faili hakitoki tena, na yeye atakuwa na plagini yake (programu ya nyongeza kwenye kompyuta) yenye mita za kuona. Kama unamalizia mwenyewe, iweke kwenye mchanganyiko wa mwisho na uzime kwanza ile ya ndani ya sinthesaiza. Plagini zenye mfumo wa fezi mnyoofu (linear phase, unaochelewesha masafa yote kwa kiasi kilekile) zinachelewesha sauti; ziache kwa ajili ya kumalizia, usizitumie wakati unapiga moja kwa moja.

Na kama fundi mitambo wenu ana miksa ya dijitali, muulize kabla ya ibada kama ameshaweka kompresa kwenye chaneli ya kinanda. Ikiwa ameiweka, zima yako mpime pamoja. Kompresa mbili zinazofuatana bila wenyewe kuambiana zinabana kitu kimoja mara mbili, na yeye ndiye anayesimama mahali ambapo waumini wanasikia.